Asilimia Tisini na Tisa

Kukwama kwa mfumo endeshi ni pale kompyuta inapoanza kupandishwa kutoka toleo la zamani hadi jipya, ikafika mahali, kisha ikasimama kama punda aliyegoma na mzigo mgongoni. Mbele haiendi, nyuma hairudi, na kwenye kioo imeandika agizo moja tu: usizime kompyuta yako. Maradhi haya hupenda Jumatatu asubuhi, mwenye kompyuta akiwa na barua tatu za kuchapa na mteja amesimama mlangoni. Ijumaa jioni, ambapo hakuna anayeihitaji, kompyuta ile ile hujisasisha bila hata kukohoa.

Wengi walikutana nayo mwaka 2025, kwa kuwa Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba mwaka huo. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ilikuja na masharti kama ya posa: RAM isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64, na chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0. Kompyuta nyingi zenye afya njema zilikataliwa mlangoni kwa kukosa hiyo chipu. Hizo zina msiba wake. Hapa zinahusika zile zilizotimiza masharti, zikakubaliwa, kisha zikakwama njiani.

Safari yenyewe ina hatua nne, na hazitofautiani sana na kuhama nyumba. Hatua ya kwanza ni kufunga mizigo: mfumo wa zamani bado uko kazini, mtu anaendelea kuchapa, huku chinichini kompyuta ikipakua mafaili na kupima nafasi. Ya pili ni siku ya kuhama: kompyuta hujizima na kuwaka tena katika mfumo mdogo wa muda, ikausogeza mfumo wa zamani kwenye folda iitwayo Windows.old na kuuingiza mpya. Ya tatu ni usiku wa kwanza katika nyumba mpya, ambapo mfumo unapapasa ukutani kujua swichi ipi inawasha taa ipi. Ndipo zinapowekwa draiva, zile programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuongea na printa, spika na kioo. Ya nne ni kupanga vyombo na kusalimia majirani: akaunti, mipangilio, rangi ya ukutani. Kujua hatua iliyokwama ni nusu ya tiba, kwa maana dawa ya kufunga mizigo haimsaidii aliyekwishahama.

Kinachowapotosha wengi ni asilimia. Namba ile haihesabu dakika, inahesabu kazi, na kazi hazilingani. Kutoka 1 hadi 30 kunaweza kuchukua muda wa kunywa chai. Kutoka 98 hadi 99, muda wa kuchemsha maharage. Asilimia 99 ya kompyuta ni sawa na kauli ya konda wa daladala kituoni kwamba amebaki abiria mmoja tu gari liondoke. Hakudanganya. Hakusema tu huyo mmoja atatoka nyumbani saa ngapi.

Kwa hiyo uchunguzi huanza kwa kutenganisha kompyuta iliyoganda na kompyuta iliyo kazini. Dalili ni tatu. Kwanza, taa ndogo ya diski: ikipepesa, hata kwa kusuasua, mgonjwa anapumua. Pili, kitufe cha Caps Lock: kikibonyezwa, na taa yake ikawaka na kuzimika, basi kompyuta bado inasikia. Tatu, sauti: diski ya kuzunguka hukwaruza kama panya darini, na feni huvuma. Diski ya namna hiyo katika mashine ya zamani inaweza kuhitaji muda wa saa kadhaa kwa kazi ambayo SSD huimaliza kwa dakika chache. Namba ikiwa haijasogea kwa saa tatu, taa imezimika na Caps Lock haiitikii, hapo mtu ana haki ya kusema imekwama. Kabla ya hapo anasema tu kwamba amechoka.

Muda huo wa kungoja ndio huleta washauri, na washauri ni wa aina tatu. Yupo wa kuchomoa, ambaye haamini jambo lolote lisilotibika kwa kuvuta waya ukutani. Yupo wa kufomati, kwa kawaida mpwa aliyemaliza kidato cha nne juzi, huyu huinama, hutazama kioo kwa sekunde nne, kisha hutoa hukumu: “Piga chini, weka upya.” Akiulizwa picha za arusi ya mama zitakwenda wapi, hujibu kwamba picha si ziko kwenye simu. Wa tatu ni wa kusubiri, ambaye huvuta kiti, huomba chai na kusema itajipa yenyewe. Takwimu hazijakusanywa, lakini wa tatu ndiye anayeharibu kompyuta chache zaidi.

Ikithibitika kuwa imekwama katika hatua ya kwanza, wakati bado inapakua, mshukiwa wa kwanza ni intaneti. Mafaili ya toleo jipya ni ya GB kadhaa, na bando la simu lililonunuliwa kwa ajili ya WhatsApp halikuandaliwa kwa ugeni wa namna hiyo. Isitoshe, kompyuta ikiwa imeambiwa kuwa intaneti yake ni ya kupimwa, inaweza kusitisha upakuaji kwa adabu bila kumwambia mtu. Mshukiwa wa pili ni mafaili yaliyopakuliwa nusunusu. Hapo huduma ya masasisho husimamishwa, folda ya Download iliyo ndani ya SoftwareDistribution husafishwa, huduma huwashwa tena, na safari huanza upya.

Mshukiwa wa tatu ni nafasi. Kompyuta isiyo na nafasi hutoa namba 0x80070070, ambayo kwa macho ya kawaida ni matusi. Kumbe tarakimu mbili za mwisho, 70, zimeandikwa kwa hesabu ya vizio kumi na sita; zikirudishwa katika hesabu ya sokoni ni 112, na katika orodha ya makosa ya Windows 112 maana yake diski imejaa. Kwa bahati tu, 112 ni namba ya kuitia polisi pia. Polisi hawahitajiki: inatosha kufuta filamu sita zilizokwisha kutazamwa na nakala nne za faili liitwalo “CV mpya ya mwisho kabisa”.

Namba nyingine maarufu ni ile inayoanza na 0xC1900101. Hii mara nyingi huelekeza kidole kwenye draiva. Tiba yake ni kuchomoa kila kisichohitajika: printa, skana, modemu, flashi, na kile kifeni cha USB ambacho hakuna anayekumbuka kilitoka wapi. Wanaodhani huu ni ushirikina wakumbuke kwamba mwaka 2019 Microsoft yenyewe ililizuia toleo la Mei la Windows 10 lisiingie katika kompyuta zilizochomekwa kifaa cha USB au kadi ya kumbukumbu, kwa kuhofia herufi za diski zingebadilishana wakati wa kusasisha. Antivairasi ya kampuni nyingine nayo huondolewa kwa muda, maana mlinzi mwenye bidii hawezi kumtofautisha mwizi na fundi aliyeitwa kubadilisha kitasa.

Ikiwa imekwama katika hatua za mbele, kioo kikiwa cheusi na vidoti vyeupe vinazunguka tangu adhuhuri, linabaki jambo moja la kijasiri: kubana kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi hadi mashine izimike. Si tendo la hasira, ni la mwisho baada ya mengine kushindikana. Ikiwashwa, mara nyingi kompyuta hujitambua, ikarudi yenyewe kwenye mfumo wa zamani na kutangaza kwamba inatengua mabadiliko. Ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, hufungua ukurasa wa matengenezo, na humo mna hali salama na njia ya kuondoa sasisho la mwisho. Baada ya kurudi, amri ya sfc /scannow huyakagua mafaili ya mfumo na kuyarekebisha yaliyoharibika, kabla ya kujaribu tena.

Adui wa mwisho hayumo ndani ya kompyuta. Umeme ukikatika, au uniti za LUKU zikaisha kwenye asilimia 76, kompyuta ya mezani isiyo na UPS huzimika katikati ya kuhama, kabati likiwa mlangoni, nusu ndani nusu nje. Laptopu ina nafuu ya betri, ilimradi betri hiyo si ile inayodai kuwa na asilimia 100 kisha ikakata roho chaja inapochomolewa.

Safari ikifika salama, mfumo wa zamani hutunzwa katika Windows.old kwa siku 10, na ndani ya siku hizo mtu anaweza kurudi alikotoka. Baadaye kompyuta huifuta folda hiyo. Lakini Windows.old si mahali pa kuwekea amana. Oktoba 2018 Microsoft ililazimika kusimamisha toleo la Windows 10 baada ya baadhi ya watumiaji kukuta nyaraka zao zimefutika. Nakala ya mafaili hukaa kwenye diski nyingine, nje ya kompyuta, na hutengenezwa kabla ya kubonyeza kitufe, si kwenye asilimia 99.

Basi mwenye kompyuta na aanze Ijumaa jioni: nakala pembeni, chaja ukutani, printa imechomolewa, uniti zimenunuliwa. Kisha aende akalale. Kompyuta haijapata kwenda kasi kwa sababu ya kukodolewa macho.