Gia ya Pili na Mama Mkwe

Juzi, pale Nanganga barabara ya Ruangwa inapoachana na ile ya Masasi, gari langu lilimpiga mama mkwe kofi la mgongo. Gia ilikuwa inatoka ya kwanza kwenda ya pili, basi. Kilemba kikamshukia machoni, bodaboda wa kijiweni wakashangilia. Akakifunga upya taratibu, akasema, "Baba, kama hutaki nifike Ndanda, ungesema tukiwa nyumbani, nikapanda basi."

Gari hilo lilikuwa limetoka kutibiwa! Fundi mmoja alichomeka mashine ya kupimia, ikasema hakuna kosa. Akabadilisha solenoidi hata hivyo, kwa hela ya korosho niliyoisubiri mnada baada ya mnada. Mwenzake akamwaga oili yote. Mwingine akashauri gia boksi nzima kutoka Dar.

Wenye Toyota za miaka ya 1990 wasikie. Gia boksi nyingi za oto za wakati huo zina kebo nyembamba inayotoka kwenye throto hadi ndani ya valvu bodi. Ukikanyaga mafuta, kebo inavutika na presha ya oili inapanda. Presha hiyo ndiyo inayobana klachi za ndani: mzigo mkubwa, zibanwe kwa nguvu zisiteleze, mwendo wa pole, zibanwe kama mtu anayefunga mlango mtoto kalala. Kebo ikikazwa mno, gia boksi inaamini unapanda Newala na shehena ya korosho, hata ukiwa tambarare. Ikilegea mno, klachi zinateleza na kuungua. Kipimo chake ni hiki: injini ikiwa imezimwa, mafuta yakanyagwe hadi mwisho, kidude kilichobanwa kwenye waya kisiache mdomo wa ganda la kebo kwa zaidi ya milimita 1. Mashine ingeonaje? Kebo haina umeme.

Aliyeiona ni mzee mmoja wa Ndanda, kwa macho na spana. Kumbe fundi aliyewahi kunisafishia throto ndiye aliyeikaza. Mzee akaomba hela ya soda.

Hapo ndipo panaponiuma. Huku kwetu kubahatisha kunauzwa kwa bei ya uhakika, na sijaona fundi anayerudisha hela ya kifaa alichong'oa kikiwa kizima.

Jana taa za breki ziligoma, fyuzi.

Leo honi inalia yenyewe kila nikikata kushoto. Hiyo siipeleki popote: kwenye kona za kupanda Newala, wote wananipisha.