Shikamoo, Mzee Seva

Wengine na wawasifu marais na washambuliaji wa timu zao. Mimi nakusifu wewe, mzee wa chumba cha nyuma, uliyekaa baina ya maboksi ya risiti na ndoo ya kudekia, ukibeba hesabu za ofisi nzima bila kudai likizo.

Msimamo wako nani anao? Ulikuja na Windows Server 2008, na hujaiacha. Microsoft walisitisha hata huduma yake ya muda wa nyongeza Januari 14, 2020. Wewe ukaendelea kama vile barua haikukufikia. Tundu la usalama likigunduliwa leo, kwako linabaki wazi. Huo nao ni ukarimu.

Kiyoyozi pekee cha ofisi ni chako. Sisi tunajipepea kwa mafaili.

Lakini ushujaa wako hasa uko kwenye diski. Ulipewa 4, zikaunganishwa kwa RAID 5, mpango unaoruhusu diski moja kufa pasipo data kupotea. Moja tu. Ile taa ya njano inayowaka tangu kabla ya Ramadhani inatangaza kwamba ruhusa hiyo tumeshaitumia. Fundi anaogopa kuweka mpya: ili data ijengwe upya, hizo 3 zilizobaki zitasomwa mwanzo hadi mwisho kwa saa nyingi, nazo ni za rika moja na marehemu, zimechoshwa na kazi ileile. Ikianguka ya pili katikati ya shughuli hiyo, hesabu zote zimekwenda. Basi taa tumeiacha iwake, usiku inapendeza. Na mtu asidhani tumezembea, bekapu ipo: iko kwenye diski ya nje, tuliyoiweka juu ya mgongo wako.

Bosi ana hoja nzito. Vitabuni uchakavu wako uliisha zamani, thamani yako ni sifuri, kwa hiyo kila ukiamka ni faida tupu. Tena kasikia kwamba mwaka 2023 Google waliongeza umri wa seva zao, kihasibu, kutoka miaka 4 hadi 6. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba kule seva moja ikizimika nyingine zinashika kazi, wala msiba haukai. Wewe ukizimika hatutoi hata ankara, na hasara ya siku kama hiyo haina mstari kwenye bajeti yetu.

Wiki iliyopita kikao kilikaa kuamua ubadilishwe lini. Imepitishwa, kwa kauli moja, ununuliwe feni ya mezani.