Kibanja cha Chini na Wosia wa Babu

Siku tulipoanua matanga, katibu wa ukoo alisoma wosia wa babu: “Kibanja cha chini kiwe cha kanisa letu na wagonjwa.” Basi nyumba ikagawanyika. Babu alibatizwa Mlutheri, lakini uzeeni alisindikizana na bibi parokiani, kwa Wakatoliki. Kanisa letu ni lipi? Na wagonjwa ni wa Hospitali ya Nyakahanga, iliyo chini ya Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), au ni shangazi aliyelala chumba cha pili na miguu yake iliyovimba?

Mama alipika ndizi chungu kimoja, zikaliwa na makundi mawili yasiyosemeshana. Baba mkubwa akafunga stoo kwa kufuli. Kahawa ikaiva, ikadondoka chini ya migomba bila mchumaji. Hilo ndilo lililoniuma kuliko maneno yote.

Shauri likafika mahakama ya mwanzo, nayo ikaanza na mashahidi. Kanuni za kimila za mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 436, zinataka wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma ushuhudiwe na watu wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma anahitaji wanne. Mashahidi wa babu walikuwepo, wosia ukasimama. Ndipo hakimu akauliza: marehemu alikuwa akitoa wapi?

Bibi akafungua kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na stakabadhi za sadaka, zote zina mhuri wa usharika mmoja wa Kilutheri, mpaka za msimu wa mwisho wa kahawa. Nyuma ya nyingi babu aliandika kwa kalamu ya wino: “ya wagonjwa, hospitali.” Hakimu alizisoma moja moja. Usharika na hospitali vikapewa kibanja kwa pamoja. Shangazi akabaki na chumba chake, kwa kuwa nyumba haimo katika kibanja cha chini.

Tulipata bahati, maana maneno yasiyo wazi huweza kuangusha wosia mzima. Uingereza, Caleb Diplock alifariki mwaka 1936 akiacha mali kwa mambo ya hisani “au” ya ukarimu. Wasimamizi wakazigawia taasisi 139. Ndugu wakashtaki, na mwaka 1944 Baraza la Malordi likabatilisha zawadi hiyo, maana ukarimu hauna mpaka ambao mahakama inaweza kuusimamia. Taasisi zikafuatwa kurudisha fedha.

Ndugu msomaji, ukiandika wosia taja jina kamili la kanisa, jina la hospitali, na majirani wa kibanja pande zote nne. Taja pia atakayepokea ikiwa taasisi hiyo haitakuwepo tena.