Starehe ya Kulipia Mvua

Waingereza wana raha zao: kuvuta kijumba cha magurudumu hadi eneo la Lake District nchini kwao, kisha kujifungia humo na marafiki mvua ikinyesha. Na itanyesha tu. Kijiji cha Seathwaite, hukohuko, hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Dar es Salaam haifikishi hata nusu. Humo kijumbani, watu wazima wanne wamebanana kwenye meza ambayo usiku ndiyo kitanda, soksi mbichi zinaning'inia juu ya birika, mmoja anaiba karata na wote wanamwona, ila wamfukuzie wapi? Choo nacho ni cha tangi la dawa, na lazima mtu akalimwage. Eti wanapumzika! Ukialikwa, ndugu yangu, kabla ya kushukuru uliza zamu ya tangi ni ya nani.