Dumu Mbele, Shamba Nyuma: Mhadhara wa Bingwa Kitanga

Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiji, wajumbe wa halmashauri ya kijiji, Bwana Ugani ambaye nimeambiwa pikipiki yake imepata pancha huko njiani, akina mama, wazee wangu mnaosinzia kwa staha chini ya mwembe: mwakeye! Itifaki imezingatiwa, na pale iliposahaulika nitaizingatia mimi mwenyewe.

Aliyenitambulisha ameniita "fundi bustani". Namsamehe. Mimi ni Bingwa wa Kilimo cha Chombo, Afrika Mashariki na Kati, cheo nilichojitunuku baada ya uchunguzi wa kina kuonyesha kwamba hakuna mwingine mwenye sifa za kukitunuku. Mada yangu ni faida na hasara za kupanda mimea kwenye madumu, ndoo, viroba, magunia, matairi na masufuria yaliyotoboka. Nitangulize angalizo la kitaalamu: katika mfumo wangu hasara hazipo. Kuna faida, halafu kuna faida ambazo hazijaiva.

Mama wa kanga ya njano, nimeuona mkono. Maswali mwisho.

Tuanze na historia, maana bingwa asiyeanza na historia ni mbabaishaji. Mimea mingi iliyowatajirisha mabwana wa dunia ilisafiri ndani ya chombo. Katika karne ya 19 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, aligundua kwamba mche ukifungiwa ndani ya sanduku la kioo, unyevu wake huzunguka humo humo na mche hufika salama hata baada ya miezi baharini. Kabla ya hapo mabaharia walikuwa wakiteremsha vijiti. Kwa masanduku hayo Mskoti Robert Fortune alichukua miche ya chai China akaivusha hadi India, na wenyewe hawakuagwa.

Sasa njooni nyumbani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida, Marekani. Vilivyofika pwani yetu vikiwa hai ni 62. Bwana yule hakuniuliza habari za ufungashaji, kwa sababu nilikuwa sijazaliwa, na matokeo mmeyaona. Lakini hivyo 62 vikazaa mashamba ya Tanga, mashamba yakataka mikono, na mikono ikatafutwa wapi? Wazee, amkeni hapo. Ikatafutwa Kasulu na Kibondo. Ofisi ya SILABU ilipoanzishwa mwaka 1944, kazi yake ilikuwa kuwaandikisha vibarua wa mkonge, na Waha wengi walipakiwa kwenye treni wakaenda kukata majani upande wa pili wa nchi. Waliitwa manamba. Mkonge ukasokotwa, ukawa gunia. Gunia likazunguka na mahindi na kahawa, likachakaa, na leo limesimama nyuma ya jiko hapa Kitanga, limejaa udongo, sukuma wiki imechungulia ubavuni. Babu alikata jani, mjukuu anamwagilia gunia. Mzunguko huo nimeupa jina la Nadharia ya Bingwa, ingawa kazi yote aliifanya babu.

Gunia lenyewe halihitaji digrii, ndiyo maana nimelitungia istilahi, lakini leo nitawahurumia. Changanya udongo wa juu, samadi iliyooza na mchanga kiasi. Simamisha kopo lisilo na kitako katikati ya gunia, lijaze kokoto, jaza udongo kulizunguka, kisha livute kopo juu kidogo na ujaze tena, hadi gunia lifike shingoni na katikati pabaki nguzo ya kokoto. Maji yakimiminwa juu hushuka kwa nguzo hiyo na kuifikia miche ya chini. Bila nguzo, wa juu wanaoga na wa chini wanasikia habari. Ubavuni toboa matundu, chomeka miche. Kama gunia ni la katani, liinue juu ya mawe, la sivyo mchwa wa huku watalila kabla hujala wewe. Hiyo ni faida ambayo haijaiva kwako. Kwa mchwa imeiva.

Elimu hii niliipeleka Nyarugusu, upande wa Makere, kwenye kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kuwapokea watu waliokimbia vita ya Kongo. Nikakuta wameshaanza bila mimi! Jambo hilo nimeliandikia malalamiko. Wakongo wale, na Warundi waliowafuata kwa wingi tangu 2015, hawana mashamba. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 inawataka wawe na kibali ndipo watoke nje ya kambi, na mahali pa kupanda kitu ni pale palipobaki kati ya nyumba na nyumba. Mgawo ni nafaka, jamii ya kunde, mafuta, chumvi. Jani bichi halimo. Basi mama anachukua kopo la mafuta lililokwisha, analitoboa kitako, anapanda lengalenga, anamwagilia maji aliyooshea maharage, na wiki ya tatu au ya nne anachuma. Pale chombo kimefanya kazi ambayo ardhi imekatazwa kuifanya, na hata mwenye wivu wa kitaaluma kama mimi hana la kuongeza. Mpangaji wa chumba kimoja Kasulu mjini naye yumo humo humo, maana uwanja ni wa mwenye nyumba mpaka kizingitini.

Mama wa kanga ya njano anasema yeye ana ekari mbili. Hongera, mama. Nimesema maswali mwisho.

Sasa faida ambazo hazijaiva. Kubwa kuliko zote ni kiu. Shambani mzizi ukikosa maji juu, unashuka kuyatafuta. Kwenye dumu unashuka, unagonga kitako, unageuka. Kuanzia Juni hadi Septemba hapa kwetu mbingu zimefunga, na nyanya iliyo kwenye ndoo ya lita 20 inataka maji kila siku. Jua likikaza, asubuhi na jioni. Plastiki nyeusi ikipigwa na jua hilo huipika mizizi. Dumu la njano la mawese lina nafuu, lakini nalo lipate kivuli mchana. Wataalamu wenzangu huandika kwamba chombo kinatumia maji kidogo. Kwa mkupuo mmoja, kweli. Jumlisheni ya wiki nzima, kisha mniambie anayeyabeba kutoka kisimani ni nani. Bingwa? Bingwa wiki hiyo ana mhadhara Kibondo.

Mvua zikishika Novemba, dumu lililokuwa jangwa linageuka bwawa, na mizizi inakufa kwa kukosa hewa. Kuna waliotandika kokoto kitakoni ili maji yachuje, wakaniita nishuhudie ubunifu. Kokoto za kutandika chini hazisaidii kitu. Udongo ulio juu yake hushika maji mpaka ulowe kabisa ndipo uyaachie, kwa hiyo mmepunguza kina cha udongo na kulisogeza tope karibu na mizizi. Ile nguzo ya katikati ya gunia ni jambo jingine. Kazi yake ni kushusha maji. Dawa ya kitako ni tundu.

Chakula nacho. Kila mnapomwagilia, maji yanayotoka chini yanaondoka na mbolea. Shamba lina majani yanayoanguka na kuoza, lina wadudu wanaolima usiku na mchana bila posho. Mmea wa kwenye chombo ni kama ng'ombe aliyefungiwa bandani: hali mpaka uletewe. Asiyeuongezea mboji au samadi kila baada ya wiki chache atavuna majani ya manjano. Na anayeumwagia maji ya sabuni kila siku ataona ukoko mweupe juu ya udongo. Ni chumvi hiyo, wala si baraka.

Vitabu husifu bustani inayohamishika. Ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa inakaribia kilo 30. Kuhamishika inahamishika, kinachogoma ni kiuno. Husemwa pia kwamba mboga zikiwekwa juu ya meza, kuku hazifikii. Anayesema hivyo hajakutana na kuku wa Kitanga.

Lakini ugonjwa, hapo chombo nakivulia kofia. Nyanya za bondeni zikiingiwa na mnyauko wa bakteria, ugonjwa hubaki kwenye udongo ule miaka, na ukipanda nyanya tena unaulisha. Ndoo unaimwaga mbali, unaiosha, unaanza upya. Mradi udongo huo mpya usiuchote bondeni pale pale, kama alivyofanya jirani mmoja ambaye leo amekaa mstari wa mbele na anatazama pembeni.

Niguse na michikichi, maana tangu Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, alivalie njuga zao hilo mwaka 2018 mkoa wetu umejaa viriba. Miche ya aina ya Tenera huanza maisha humo, mwaka hivi, ikipata maji, mbolea na kivuli kwa mpango. Hiyo ndiyo kazi kinayoijua kiriba. Baada ya hapo mchikichi unataka ardhi, mita 9 kati ya mche na mche. Kuna ndugu aliuacha wake kwenye kiriba kwa sababu ulipendezesha mlango. Mizizi ikazunguka ikakosa pa kwenda, ikatoboa plastiki, ikajipandia yenyewe uani. Mti una akili kuliko mwenyewe. Na nyie mnaoficha viriba mkimwona mgambo, acheni. Kilichopigwa marufuku Juni 1, 2019 ni mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Plastiki ya shughuli za kilimo iliachwa.

Jambo moja silitanii. Dumu lililobeba dawa ya kuua wadudu lisipandwe mboga, hata lioshwe kwa majivu mara saba. Litobolewe, lisitumike tena, hata kwa maji ya mbuzi.

Haya, mama, mwisho umefika. Swali lako, kwa faida ya waliosinzia: una ekari mbili, una jembe, mvua huanza Oktoba, una kipande bondeni chenye unyevu hata kiangazi, upande kwenye dumu kwa nini? Nimelitafakari kwa upana wake, kwa mtazamo wa kimataifa, na jibu langu la kitaalamu ni kwamba usipande. Weka vitunguu vya majani na pilipili kwenye sufuria bovu karibu na jiko, ili usitembee na tochi usiku kutafuta kiungo. Kuzia miche ya nyanya na kabichi kwenye makopo kabla ya mvua, upate kuwatangulia wenzako sokoni. Muhogo, maharage, mahindi na ndizi vibaki shambani. Muhogo unaotaka mwaka mzima na zaidi ardhini ukiutia kwenye dumu utakupa kidole. Iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba hili limesemwa na Bingwa. Mama aliuliza tu.

Mtendaji ananiashiria kwamba chakula kiko tayari. Kabla hatujanawa, kila mmoja achukue msumari, auchome motoni, atoboe kitako cha chombo alichokuja nacho, matundu manne au matano, si moja. Kisha mgeni rasmi atangulizwe ugali wa muhogo, mgebuka kama upo, na lengalenga. Lengalenga ya shambani, tafadhali.