Marehemu Aliyelipa Mchango

Watanzania hatuwezi kukutana hivi hivi. Watu wanne wakitaka kula mbuzi mmoja, lazima kwanza apatikane mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na mmoja wa kulalamika kwamba hakushirikishwa. Kwa hiyo sisi tuliomaliza kidato cha nne mwaka 1988, katika shule moja ya bweni ya wavulana kandokando ya Reli ya Kati, tulipokubaliana kwamba ni vizuri tuonane kabla hatujabaki wa kuonana misibani tu, kilichozaliwa kwanza ni kamati. Kamati ikazaa kundi la WhatsApp, kundi likazaa kamati ndogo ya vinywaji, na kamati ndogo ya vinywaji ikaanza vikao siku hiyohiyo, kwa bidii ambayo hakuna mwalimu wetu wa hisabati aliyewahi kuiona.

Mweka hazina ni yuleyule aliyekuwa kiranja wa chakula. Hakuchaguliwa na mtu. Aliandika namba yake ya M-Pesa, na chini yake neno moja: “Tumeni.” Tukatuma. Mle kundini kuna kanali mstaafu, kuna daktari bingwa wa moyo, kuna watu ambao ukitaka kuwaona unaandikiwa miadi na makatibu wao muhtasi. Wote walituma, na waliochelewa wakaomba radhi kwa sentensi ndefu. Mtu akishakupimia sukari kwa kijiko mwaka 1986, sukari ilipokuwa haionekani dukani wala mtaani, heshima yake haipungui kwa sababu wewe siku hizi una dereva.

Nami nilituma. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye lilileta mjadala. Ujumbe wa uthibitisho ninao kwenye simu mpaka leo.

Ukumbi ulikuwa Sinza, Dar es Salaam, katika ile aina ya jengo ambalo Jumamosi huwa na sherehe kila ghorofa: chini sisi, katikati watu wa kipaimara, juu wanamuaga binti anayeolewa. Spika zote zinafanya kazi kwa wakati mmoja, hivyo ukisimama kwenye ngazi unapata bendi ya Sikinde kwa sikio moja na injili kwa jingine. Mlangoni tulipewa beji zenye majina. Nia ilikuwa njema, ila kamati ilisahau umri wa wahusika. Miwani ya kusomea ilikuwa imebaki kwenye magari, kwa hiyo kila wawili waliokutana walisimama wakitazamana, vichwa vimevutwa nyuma, macho yamefinywa, kila mmoja akitafuta umbali unaofaa wa kusoma kifua cha mwenzake. Aliyekuwa akipita nje angedhani kuna ugomvi.

Kisha kuna suala la salamu. Mwalimu wetu wa Jiografia alikuja kutufundisha akiwa ametoka chuo moja kwa moja, ametupita kwa miaka michache tu. Tangu hapo yeye amekuwa akikimbia kila alfajiri na kujiepusha na nyama nyekundu, wakati sisi tumekuwa tukifanya kinyume chake kwa moyo mmoja. Matokeo yake aliingia ukumbini mwembamba, nywele nyeusi, akapigwa kofi la mgongoni na mtu mwenye kipara na magoti mabovu.

“Wewe bwana! Ulikuwa bweni gani?”

“Sikuwa bweni,” mwalimu akajibu kwa upole. “Nilikuwa nakaa nyumba za walimu.”

Yule mwenye kipara akasimama wima, mikono nyuma, kama alivyosimama mara ya mwisho alipokamatwa ametoroka prepu. “Shikamoo, mwalimu.”

Upande wa pili wa mlango hali ilikuwa nyingine. Alikaa mzee mmoja mnene, kaunda suti ya kijivu, nywele nyeupe pepe, uso wa mtu aliyewahi kuheshimiwa. Hakuwa na beji. Wengine walidhani ni mwalimu mkuu msaidizi, wakamwamkia. Akaitikia “Marahaba” bila kusita. Wengine wakadhani ni mmoja wetu, wakamkumbatia na kumwambia amenenepa. “Na wewe pia,” akawajibu, na kwa kuwa ilikuwa kweli, hakuna aliyetilia shaka. Mjumbe wa kamati alimwomba radhi kwa beji yake kupotea, akampeleka meza ya mbele.

Tukaanza kwa kuwakumbuka waliotangulia. Hapa hapakuwa na mzaha. Darasa letu liliingia maishani miaka ileile UKIMWI ulipokuwa unavuna vijana pasipo dawa, na barabara zetu nazo zikachukua zao. Mmoja wetu alikuwa anarudi nyumbani Mwanza kwa meli ya MV Bukoba ilipozama, Mei 1996. Tulisimama, taa zikapunguzwa, na ukutani yakawa yanapita majina, moja moja, kila jina na picha na mshumaa unaowaka wa kompyuta. Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Nikanyanyua macho mara moja, nikajiona.

Ilikuwa picha yangu kabisa, ile ya kitambulisho cha mtihani, na nywele ambazo siku hizi nazikumbuka tu. Jina langu kamili chini yake. Mshumaa ukatetemeka kwa heshima zake, nami nikapita, akaja mwingine.

Nieleze. Jina langu ni la kawaida mno, na darasani tulikuwa watatu wenye jina hilohilo, la kwanza mpaka la baba. Mwalimu wa darasa alitupa herufi kwenye daftari la mahudhurio: A, B na C. Mimi ni B. Aliyefariki ni C, kijana mpole mwenye tranka la bluu, ambaye hakuwahi kumnyima mtu chumvi. Kwa hiyo usiku ule nilikuwa nimedhulumu rambirambi za mtu aliyezistahili kuliko mimi, na bila hata kuomba.

Nilimfuata katibu pembeni. Akanisikiliza kwa makini, akatazama ratiba yake, akanishika bega.

“Kaka, nimekuelewa. Lakini tukilileta sasa tutavuruga mtiririko. Lilete kwenye Mengineyo.”

Mtu yeyote aliyewahi kukaa kikao cha Kitanzania anajua Mengineyo huwa saa ngapi, na nani huwa bado yuko macho.

Nikaenda kupanga foleni ya chakula. Binti wa sahani akanitafuta kwenye orodha, hakuniona. Akaitwa mweka hazina. Mweka hazina akafungua simu. “Amelipa,” akasema. Katibu akaitwa. “Marehemu halipi,” akasema, akionyesha karatasi yake. “Huyu kalipa,” mweka hazina akasisitiza, na kwake huo ndio ulikuwa ushahidi wa uhai. Walibishana mbele yangu kuhusu mimi, kila mmoja na hati yake, na hakuna aliyefikiria kuniuliza. Mwishowe nilipewa sahani kwa hisani, pilau bila kachumbari. Nilipokwenda kukaa, mke wa mmoja wa wenzetu aliyekuwa mezani akaniangalia, akaangalia ukutani picha zilipokuwa zikijirudia, akashika mkono wangu.

“Pole sana, shemeji. Ni ndugu yako? Mmefanana mno.”

Nilitaka kumjibu, lakini MC alikuwa ameshawakaribisha wenye lolote la kusema juu ya marehemu, na wa kwanza kushika kipaza sauti alikuwa anazungumza juu yangu. Alisema nilikuwa hodari wa fizikia. Alisema nilimwazima blanketi muhula mzima wa baridi, nami nikapiga usingizi kwa koti. Wala sikuwa hodari wa fizikia, na blanketi hilo aliliiba. Lakini alisema kwa machozi, watu wakatikisa vichwa, na mimi nikaona hakuna ubaya kusubiri kidogo. Wengine hungoja mpaka wazikwe ndipo wasikie maneno hayo, na hapo hawayasikii.

Baada ya chakula likaja lile lililotuleta hasa. Hotuba zilikuwa tatu, zote ndefu, nisiwachoshe nazo. Kilichotuleta ni mgomo wa maharage wa mwaka 1987.

Kwa asiyejua: tulikula ugali wa yanga, unga wa mahindi ya njano ya msaada, uliopewa jina hilo kwa sababu ya rangi za klabu ya Yanga, hivyo wapenzi wa Simba waliumeza kwa uchungu wa ziada. Pamoja nao maharage, na ndani ya maharage wadudu, ambao kwa lugha ya bwalo waliitwa nyama. Kidato cha kwanza, njuka, waliwatoa. Kidato cha pili waliwahesabu. Ukifika cha nne ulizima taa ya mawazo ukala. Sasa usiku mmoja sufuria kubwa lilipinduliwa. Hilo ni kweli, nilikuwepo, maharage yalifika mpaka kwenye viatu vyangu. Lakini nani alilipindua?

Kanali alilipindua. Alieleza hata mguu aliotumia. Kisha daktari bingwa akasimama, akasema kwa heshima zote kanali alikuwa zahanati usiku ule, yeye ndiye. Akafuata mchungaji, ambaye alikiri jambo hilo kama watu wanavyokiri dhambi wanayojivunia. Wakaendelea. Kwa ushuhuda wa ukumbi ule sufuria lile lilihitaji watu kumi na mmoja kulipindua, na wote walikuwa peke yao.

Ndipo yule mzee wa kaunda suti akaomba kipaza sauti.

Ndugu zangu, kama kuna mtu ameusimulia mgomo ule, ni yeye. Hakujisifu hata kidogo. Alianza na harufu ya bwalo jioni, taa ya karabai ikivuma kwa sababu jenereta haina mafuta. Akaeleza kipande cha reli kilichoning’inizwa kwenye mwembe kuwa kengele, na jinsi kilivyogongwa usiku ule bila mpangilio. Mkuu wa shule kapanda juu ya benchi akiwa na pajama chini na koti la suti juu. Asubuhi lori la polisi wa FFU, nasi tumekaa uwanjani, mikono kichwani, njaa ileile iliyotufanya tugome. Kisha tukarudishwa nyumbani kwa waranti, behewa la daraja la tatu, na pale Saranda treni iliposimama, wenye hela wakanunua kuku wa kukaanga na wasio na hela wakanunuliwa na wenye hela, bila kuulizana bweni. Mtu mmoja nyuma akaanza kulia. Mwalimu wa Jiografia alifuta macho. Hata mimi nililia, na mimi nilikuwa marehemu.

Alipomaliza tulisimama kumpigia makofi. Papo hapo akapendekezwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya mkutano ujao, akaungwa mkono, akapita bila kupingwa. Kisha muziki, ambao ulikuwa ubishi tupu kati ya watu wa Sikinde na watu wa Msondo, ukaishia kwa vijana wa spika kuweka bongo fleva na wazee wote kukaa chini. Mengineyo hayakufikiwa.

Nilimkuta mwenyekiti mpya nje, kwenye maegesho, akimsubiri dereva wa bajaji. Nikampongeza kwa simulizi, nikamuuliza alikuwa bweni lipi, maana nimejitahidi nimeshindwa kumkumbuka.

Akatazama kushoto na kulia. “Bwana, mimi nilisoma kwingine kabisa, kule Kusini. Nimekuja kumuaga mtoto wa binamu yangu, ghorofa ya juu. Ngazi zikanishinda, nikakaa pale mlangoni nipumzike. Watu wakanikumbatia. Ungefanyaje?”

“Lakini mgomo! Benchi, pajama, lori!”

“Kwetu pia ilikuwa hivyohivyo. Reli tu ndiyo hatukuwa nayo, ila Saranda nani haijui?”

Sikuwa na la kubisha. Enzi hizo serikali ilimchukua mtoto wa Mtwara ikampeleka Musoma, wa Bukoba ikampeleka Songea, ikawapa wote unga uleule kutoka meli ileile na maharage kutoka ghala lilelile. Ungeweza kubadilishana wanafunzi usiku, asubuhi hakuna mpishi ambaye angegundua.

Bajaji ikafika. Alipokuwa anapanda alinitazama tena, kisha akasita, mguu mmoja ndani.

“Samahani, wewe si yule... picha yako...”

Nilikuwa nimechoka kujieleza tangu jioni. “Yule ni ndugu yangu,” nikamwambia.

Akateremka kabisa, akanipa mikono yote miwili.

“Pole sana, kaka. Alikuwa mtu mwema mno. Namkumbuka vizuri, usiku ule wa maharage tulilishika sufuria pamoja.”