Namna ya Kuipiga Chenga Dhiki Ukiwa Tabora

Ndugu yangu, najua hali. Hela ya tumbaku bado haijaingia, ada ya mtoto inadaiwa, na mvua imenyesha mara moja ikapotea. Mtu akikuambia ushukuru sasa hivi, utakasirika, na haki unayo. Basi usijilazimishe. Fanya ujanja. Huu hapa, mimi haujawahi kuniangusha.

1. Lalamika kwanza. Bandika birika, kisha toa yote ya moyoni, hata majina ya wanaokudai. Chai ikichemka, nyamaza unywe.

2. Yaache makubwa. Uhai na afya tumevishukuru mara nyingi mno hata ulimi unavitamka peke yake. Tafuta kitu cha kushika kwa mkono. Toka uani, uegemee mwembe. Tazama gome lake lilivyopasuka kama tope la mbuga wakati wa kiangazi. Ndani ya mipasuko wamo sisimizi, wengine wanapanda, wengine wanashuka, na kila wanapokutana wanasimama kidogo wagusane, kama watu wanaoulizana habari za njiani.

Mwembe huo ni mgeni hapa kwetu Unyanyembe. Ulikuja na misafara ya biashara, ndiyo maana ukiifuata njia ya zamani ya kwenda Ujiji bado unaikuta miembe mikubwa. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili, kilo 30 na ushei, mwendo wa miezi kati ya huku na pwani. Na kwa njia hiyohiyo walipitishwa watu waliofungwa minyororo, wakiacha nyumba ambazo wengi wao hawakuziona tena. Usilisahau hilo ukiwa kivulini. Lakini kaa. Yupo mtu, jina lake hulijui wala yeye hakukujua, aliyekuachia kivuli cha saa saba mchana, na hadai kitu.

3. Iba mbinu ya mzee wa Kwihara. Hapa ndipo penye njia ya mkato niipendayo kuliko zote. Februari 1872 mvumbuzi David Livingstone alifika Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, akiwa na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta. Mwezi wa Machi Stanley akashika njia ya pwani, mzee akabaki kwenye tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, akisubiri wapagazi. Alisubiri mpaka Agosti. Alikuwa na miaka 59, mwili umechoka, mali aliyotumiwa kutoka pwani ilikwishaibwa na kuuzwa, na vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora vilikuwa vimeivuruga njia ya misafara.

Shajara yake ya miezi ile ina uchungu mwingi. Lakini katikati ya uchungu utakuta ndege: namna wanavyolisha makinda, na makinda makubwa, mabawa yamekwisha kukamilika, bado yanapanua midomo yalishwe. Utakuta pia habari za jibini aliyokuwa akiitengeneza kwa ajili ya safari. Wapagazi hawajafika, yeye anagandisha maziwa!

Fanya hivyohivyo. Chukua daftari la mtoto la mwaka jana, lenye kurasa zilizobaki nyuma. Andika ndege mmoja kwa siku: alikuwa wapi, alibeba nini mdomoni. Usiandike unavyojisikia. Siku ya kumi utajikuta umetoka nje kabla ya chai.

4. Huna nafasi ya kwenda porini? Panda basi la Sikonge au Urambo, ukae dirishani. Septemba na Oktoba, kabla ya tone la kwanza la mvua, miombo huchipua majani mekundu, mengine rangi ya shaba, na ardhi yote bado ni kavu. Mvua zikishika, watoto na kina mama husimama kando ya barabara na uyoga. Nunua fungu moja, upike kwa karanga.

5. Sisi binadamu tunapenda kuonekana. Usihangaike kuupinga moyo wako, utumie. Asali ya Tabora inasifiwa nchi nzima. Mpelekee jirani chupa ndogo, mchana, watu wakiwapo. Atasema wabeja, yaani asante, watoto wake watasema wabeja, na wewe utarudi kwako ukitembea kwa kifua mbele. Kipokee kifua hicho, ni chako. Na unapopewa, sema wabeja kwa sauti, mtoaji naye arudi kwake hivyohivyo.

6. Jioni, ukitoka sokoni bila ulichokiendea, nunua matobolwa. Ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama gamba la mti. Mama zetu walivitunza kwa ajili ya miezi ya njaa. Weka kipande mdomoni, usitafune. Mwanzo ni kama unamung'unya jiwe. Unafika msikitini, bado. Unavuka reli, upande mmoja unaanza kulainika, na utamu unatoka kidogokidogo. Kipande kimoja kinakufikisha nyumbani. Viwili vibakize mfukoni, watoto wamekwisha kukuona kwa mbali.